Laptopu ya gemu ikitolewa chaja inakuwa nzito, GPU haibadiliki au ni betri?

mwanaziwa_kgm

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wenu, hili jambo linaninyima raha. Nimenunua laptopu yuzdi hapa Kigoma, i5-9300H, kadi GTX 1650 ya GB 4, ramu GB 8, skrini yake Hz 120. Dukani kule Mwanga tuliijaribu ikiwa kwenye chaja, FIFA 19 ikapiga fremu 60 kwa sekunde bila kushuka hata kwenye kona watu wamejazana golini. Nikaridhika nikalipa.

Sasa huku Gungu umeme ukikatika katikati ya mechi, hapo hapo gemu inakuwa nzito, fremu zinashuka mpk 25, saa nyingine 18, wachezaji wanatembea kama wako kwenye tope. Umeme ukirudi au nikichomeka chaja kwa jirani mwenye sola kubwa inarudi 60 kama hakuna kilichotokea. Kwenye Task Manager naona GPU (chipu za kuchora picha) mbili, GPU 0 ya Intel na GPU 1 ya NVIDIA, ndo nikawaza labda ikiwa kwenye betri mashine inaikimbia ile kubwa inarudi kwenye Intel. Nimeingia NVIDIA Control Panel nikaweka "High-performance NVIDIA processor" lakini hali ni ile ile.

Naomba kujua, je hii kubadilisha GPU imekufa? Kuna namna ya kuilazimisha ibaki kwenye NVIDIA hata bila chaja? Na je muuzaji kanipiga, maana bado niko ndani ya muda wa waranti aliyonipa na sitaki kwenda kumgombeza mtu bure.

Chuma_Moto

Mkuu hiyo ni Windows inabana. Weka pawa mode "Best performance", kule NVIDIA weka "Prefer maximum performance", alafu nenda Device Manager zima kabisa ile Intel. Ikikosa Intel itaenda wapi, lazima itumie NVIDIA tu.

fundi_waya

Mkuu mwanaziwa, tafadhali usizime Intel. Namheshimu aliyetangulia ila hilo litakuletea tatizo kubwa kuliko ulilonalo. Ngoja nieleze vizuri maana swali lako limeuliza mambo mawili yaliyofungwa pamoja, yani ipi inafanya kazi na inapewa umeme kiasi gani, na watu wengi wanahangaika na la kwanza wakati shida iko kwenye la pili.

Laptopu nyingi za aina yako zinatumia mfumo wa NVIDIA unaoitwa Optimus, walioutangaza 2010. Skrini ya laptopu imeunganishwa na Intel, haijaunganishwa na NVIDIA. Gemu ikifunguka, NVIDIA inachora picha, ikimaliza inampa Intel kupitia njia ya PCIe, Intel ndo anaipeleka kwenye kioo. Kwa hiyo ukiona Intel nayo inafanya kazi kidogo wakati unacheza usishtuke, ndivyo ilivyopangwa. Ukiizima kwenye Device Manager unakata njia ya kufikia kioo, Windows inaangukia kwenye draiva yake ya msingi na gemu inakuwa mbovu zaidi au isifunguke kabisa. Zipo laptopu zenye swichi ya MUX ambayo inaiunganisha NVIDIA moja kwa moja na skrini, hizo unabadilisha kwenye BIOS (programu ya msingi ya bodi) au kwenye programu ya mtengenezaji alafu unaizima na kuiwasha upya. Zinaongeza fremu kidogo ukiwa na chaja, lakini kwenye betri ni hasara, maana ile kubwa inakaa macho muda wote hata unaposoma meseji tu.

Sasa kwanza hakikisha ni ipi inacheza. NVIDIA Control Panel, juu kwenye menyu ya Desktop kuna "Display GPU Activity Icon in Notification Area", iwashe. Itaweka alama chini karibu na saa, ukiibonyeza inakuonesha programu gani ziko juu ya NVIDIA. Toa chaja, fungua FIFA, angalia. Na kwa sababu Windows yenyewe tangu toleo la 2018 ina setingi yake ya grafiki kwa kila programu, nenda Settings, System, Display, Graphics, iongeze ile faili ya gemu yenyewe (sio lancha yake, hapa wengi wanachanganya) uipe "High performance". Sehemu hizi mbili zikipingana, ya Windows ndo mara nyingi inashinda, hivo inawezekana uliweka kwa NVIDIA na Windows ikafanya yake.

Lingine naomba uniambie, hizo fremu zikishuka zinaganda namba moja kama 30 kamili, au zinapanda na kushuka? Zikiganda 30 basi ni Battery Boost, kitu NVIDIA walikileta 2014, kinafunga fremu makusudi ukiwa kwenye betri na kinazimwa kwa kubonyeza tu. Ila wewe umesema 25 mpk 18, hiyo inanipeleka kwingine.

Kwingine kwenyewe ni wati. Hiyo i5 imetengenezwa kwa wati 45. GTX 1650 ya laptopu inafika wati 50. Ongeza skrini, diski, feni, unakaribia 110. Chaja yake nadhani ni ya wati 135 au 150, angalia kibandiko, kwa hiyo chaja inalimudu hilo vizuri na inabakiza. Sasa betri za laptopu za daraja hilo ni kama Wh 45 hivi, yani wati 45 kwa saa moja. Ukiitoa wati 110 mfululizo itaisha chini ya nusu saa, na kabla haijaisha seli zitapata moto, volti itashuka, mashine itazima ghafla. Mtengenezaji analijua hilo, ndo maana ndani ya BIOS kaweka kikomo, chaja ikitoka tu prosesa na kadi ya NVIDIA zinagawana bajeti ndogo. NVIDIA inabaki inafanya kazi ile ile lakini kwa spidi ya chini. Hakuna setingi ya Windows itakayopandisha hicho kikomo. "Prefer maximum performance" inaizuia tu kadi isipumzike, matokeo yake betri inaisha haraka na fremu ni zile zile.

Hata zile laptopu za bei mbaya zenye betri kubwa zinaishia Wh 99 hivi kwa sababu ndege nyingi haziruhusu zaidi ya Wh 100 bila kibali, na nazo zikitolewa chaja zinashuka. Kwa hiyo usimshike muuzaji kwa hili peke yake. Cha kumuuliza ni afya ya betri, na hiyo unaipima mwenyewe. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti, soma "Design capacity" na "Full charge capacity". Ya pili ikiwa karibu na ya kwanza betri ni nzima. Ikiwa nusu, hapo una neno la kuongea naye. Betri iliyochoka inazidisha tatizo lako kwa sababu volti inaanguka haraka ikibebeshwa mzigo, na mashine inazidi kubana.

BintiIsevya

Kaka mwanaziwa salamu kutoka Tabora. Fundi kamaliza ila mi naongeza kitu kimoja ambacho naona watu wenye kadi kubwa wanakidharau. Ukiwa kwenye betri sio lazima NVIDIA iwe ndo jibu. Mi natumia Ryzen 5 yenye grafiki za Vega za ndani, haina kadi nyingine, na nikitoa chaja FIFA inashuka kidogo sana kwa sababu chipu yote inakula wati 15 tu na betri inazimudu bila jasho. Natumia rizolusheni ya 720p na setingi za chini, kwenye kioo cha inchi 14 naona mpira vizuri kabisa.

Hiyo Intel yako UHD 630 haifiki kwa Vega, sikudanganyi, ila angalia ramu yako. Umesema GB 8, ni kipande kimoja au viwili? Grafiki za ndani hazina ramu yake, zinaazima ile ile ya mashine. Kipande kimoja cha DDR4-2666 kinapitisha kama GB 21 kwa sekunde, viwili vinapitisha kama 42, na grafiki za ndani zinaisikia hiyo tofauti moja kwa moja. Mpaka Intel wenyewe kwenye zile chipu zao za Iris Xe, ukiweka ramu kipande kimoja Windows inaiandika kama UHD ya kawaida. Ukiongeza kipande kingine cha GB 8 hata kazi za kawaida zitakushukuru, na sio kitu cha gharama ukilinganisha na betri mpya. Kabla ya kununua fungua chini uone nafasi ya pili ipo, laptopu nyingine ramu moja imechomelewa kwenye bodi.

mwanaziwa_kgm

Wakuu asanteni sana, nimekaa na hii mashine jana usiku mpaka nimeelewa mengi. Dada wa Isevya ramu ni kipande kimoja na nafasi ya pili ipo wazi, nimeshaiandika kwenye orodha.

Majibu ya fundi haya hapa. Ile alama ya GPU inaonesha FIFA iko juu ya NVIDIA hata bila chaja, kumbe kubadilisha kunafanya kazi siku zote. Fremu hazigandi 30, zinapanda na kushuka. Ripoti ya betri inasema Design capacity 45,000 mWh na Full charge capacity 31,200 mWh. Alafu kuna mtu hapa mtaani kanipa programu ya HWiNFO ya kupima umeme wa mashine, nikicheza bila chaja inaonesha betri inatoa wati 47, prosesa peke yake inachukua kama 25 na NVIDIA inabaki na kidogo sana. Hapo ndo nimeshangaa, kwa nini prosesa inakula yote wakati mwenye kazi ni kadi?

fundi_waya

Safi sana, umepima vizuri na sasa tunaongea kwa namba. Betri imebaki kama asilimia 69, imezeeka lakini haijafa, kwa laptopu yuzdi ya umri huo ni kawaida japo ungekuwa na haki ya kupunguziwa bei ungejua mapema. Mwambie muuzaji kwa utaratibu, mwoneshe ripoti, wengi waungwana wanasikiliza.

Kuhusu prosesa, ni hivi. Chipu ya Intel ikiona kazi inaruka juu, ya kwako inatoka GHz 2.4 inafika mpaka 4.1, na ule mruko wa mwisho ndo unaokula umeme mwingi kwa faida ndogo. Ukiwa kwenye chaja haina neno. Kwenye betri bajeti ni moja, prosesa ikichota kwanza kadi inabaki na njaa. Kwa hiyo mpunguze anayechota. Nenda kwenye Power Options, mpango unaoutumia, "Change advanced power settings", "Processor power management", "Maximum processor state". Upande wa "Plugged in" acha 100, upande wa "On battery" weka 99. Hiyo asilimia moja inaonekana si kitu ila inazima ule mruko, prosesa inabaki kwenye spidi yake ya msingi na wati zinahamia kwa kadi. FIFA 19 haihitaji prosesa kali sana, itakutosha.

Alafu funga fremu. NVIDIA Control Panel, Manage 3D settings, chagua FIFA, "Max Frame Rate". Kioo chako ni Hz 120 kwa hiyo weka 40, maana 120 inagawanyika kwa 40 mara tatu kamili na picha inatembea kwa usawa. Mwenye kioo cha Hz 60 aweke 30, akiweka 40 itakuwa inarukaruka hata kama namba inasoma vizuri. Watu wanataka 60 muda wote lakini kwa macho 40 iliyotulia inapita 55 inayoanguka 20 kila mpira ukiingia boksi, na kwenye kupiga penati utaona tofauti hiyo kwenye kidole. Shusha na rizolusheni kutoka 1080p kwenda 720p, pikseli zinapungua kutoka kama milioni 2.07 hadi milioni 0.92, kadi inafanya chini ya nusu ya kazi. Zima kivuli na nyasi za hali ya juu, mashabiki wa jukwaani waweke chini.

Ukimaliza jaribu na uniambie wati ngapi.

Chuma_Moto

Fundi hapo kwenye Intel nimekuelewa, mi laptopu yangu ina MUX ndo maana kwangu ilikubali. Hiyo ya 99 nimeijaribu sasa hivi na feni imenyamaza kabisa, asante.

mwanaziwa_kgm

Aisee wakuu. Nimeweka 99, nimefunga 40, 720p. Betri sasa inatoa wati 30 hivi na fremu ziko 40 hazitikisiki, kona, faulo, kila kitu. Kutoka kucheza kama dakika 40 kwa shida sasa napata saa nzima, umeme ukikatika tunamaliza mechi na nyingine juu yake. Nimefurahi kweli, nilikuwa nimeshaanza kuiona pesa yangu imepotea na ni pesa niliyoitafuta kwa jasho.

Sasa swali la mwisho. Tunataka kufanya ligi ndogo ya mtaa mwisho wa mwezi, vijana wengi, saa nne tano mfululizo, na kukatika kwa umeme hakuna anayeweza kukuahidi. Betri ya ndani haitafika hata tukifunga fremu. Nimefikiria inverta na betri ya gari, chaja ichomekwe humo. Itakubali? Na inverta ya ukubwa gani? Na vipi zile pawabenki zenye USB-C?

babu_Kibirizi

Mjukuu wangu nimesoma hii mada yote, mambo ya fremu siyajui lakini betri nazijua, nimefunga mifumo ya taa za wavuvi wa dagaa hapa Kibirizi kwa miaka mingi tangu watu walipoanza kuziacha karabai, kwa hiyo nisikilize.

Betri ya gari usiitumie kwa kazi hiyo. Imetengenezwa kutoa umeme mwingi sana kwa sekunde chache za kuwasha injini alafu ijazwe hapo hapo. Ukiikamua taratibu mpaka chini kama taa za mtumbwi zinavyokamua, itakufa mapema sana, nimeona wavuvi wakizitupa kila msimu. Tafuta betri ya sola, ile ya kukamuliwa pole pole. Ya volti 12 na Ah 100 inabeba Wh 1200, lakini za risasi usishushe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu 600. Inverta nayo inakula yake, toa kama asilimia 15, unabaki na 510 hivi. Huyo fundi kasema mashine yako ikiwa kwenye chaja inavuta wati kama 110 mpaka 120. Gawanya, unapata zaidi kidogo ya saa nne. Mkifunga fremu hata kwenye chaja mtafika sita bila wasiwasi.

Inverta chukua ya wati 300 ya wimbi safi. Zile za bei rahisi zinatoa wimbi la ngazi ngazi, chaja nyingine zinalia, zinapata moto, na nyingine laptopu inazikataa. Usichukue ya wati 1000 kwa ajili ya laptopu moja, hata ikikaa bure inakula betri.

fundi_waya

Shikamoo babu, hapo umemaliza. Naongezea la USB-C tu. Kwanza hakikisha tundu lako la USB-C linapokea chaji, mashine nyingi za 2019 za aina hii tundu hilo ni la data na picha peke yake. Na hata zinazopokea, pawabenki ya wati 65 mashine inaiona kama chaja ndogo, inabaki na kikomo kile kile cha betri au karibu yake, utachaji ila hutapata 60. Hivo hivo na chaja feki ambayo laptopu haiitambui, prosesa inashushwa spidi hata ukiwa umechomeka ukutani, kwa hiyo siku ya ligi nenda na chaja yake halisi. Ikiwa kwenye inverta mashine inajua iko kwenye chaja kamili, inafungua bajeti yote, unarudi 60 yako na GPU haina habari umeme unatoka wapi.

Na betri ya ndani iache mahali pake, usiitoe. Umeme wa ukutani ukikatika hiyo ndo inashika wakati unahamisha plagi kwenda kwenye inverta.

babu_Kibirizi

Marahaba. Waya kutoka kwenye betri mpaka inverta uwe mfupi na mnene, usitumie waya wa taa. Volti 12 kwa wati 120 ni ampea 10, na hasara ya inverta zinakaribia 12, waya mwembamba utaungua plastiki. Weka fyuzi ya ampea 30 karibu na ncha ya chanya ya betri, karibu kabisa, isiwe mwisho wa waya. Na betri hiyo isikae chumba kile kile kilichofungwa mlicholundikana vijana wote, iweke barazani penye hewa, waya upite dirishani. Ukija Kibirizi asubuhi wakati mitumbwi inarudi uliza fundi wa betri, watakuonesha nilipo, nitakukatia waya wa kipimo mwenyewe.

mwanaziwa_kgm

Shikamoo babu, na asante sana. Jumamosi asubuhi nakuja na inverta mkononi uikague kabla sijaiunganisha.